Vika na Chumba cha Watu Saba

Baba yake Vika alijua kusoma kumshinda hata mchungaji. Jumapili ndiye aliyepanda mimbarini kusoma, na sauti yake iliwafikia mpaka waliolala makaburini nyuma ya kanisa; upo mwaka ambao marehemu mmoja aliitikia amina, na waliosikia wangali hai. Lakini siku aliyoitwa mahakamani mjini Neiafu awe mmoja wa watu saba wa juri, wakae wasikilize kesi na kuamua kama mtu ana hatia, mzee yule alimwambia jaji kwamba yeye hajui hata irabu. Kwetu Tonga mtu wa juri lazima ajue kusoma na kuandika. Asiyejua hurudishwa kwake, na mzee alikuwa na viazi vikuu shambani.

Jaji akampa kitabu cha nyimbo. Mzee akakishika juu chini, akakitazama kama mtu aliyeokota kaa aliyekufa, akatikisa kichwa. Wakamwachia. Ukumbini nje palikuwa na benchi refu lililopakwa rangi asubuhi ile, na kibao juu yake: RANGI MBICHI. Wanaume wenzake waliodanganya kama yeye walikuwa wamelikalia lile benchi wote, wametulia. Heri makalio ya kijani kuliko juri. Baba yake Vika peke yake ndiye aliyesimama. Jaji akatoka kwenda kunywa chai, akamwona, akakisoma kibao, akamtazama tena. Faini aliyomtoza ilikula nguruwe mnene mzima.

Tangu hapo watoto wa kijiji cha Fangalahi walimwita Vika "binti wa Makalio Safi". Waliimba njiani, waliimba kisimani, na Vika alipoolewa, mmoja wao aliimba harusini. Mumewe alikwenda New Zealand kuchuma tufaha, akampata mwanamke aliyekuwa akichuma mti wa jirani, na hakurudi. Vika akabaki na nyumba ya bati, na kazi ya kusuka mikeka, na lile jina. Basi akaapa kwamba vijana wa Fangalahi wakiitwa juri watakwenda kwa miguu yao, vichwa juu, na kitabu wakipewa watakishika kinavyoshikwa.

Walikuja watu wa haki za binadamu kutoka mji mkuu, wakafanya semina siku moja, wakagawa fulana na soda, wakaondoka. Fulana zikawa matambara ya kusugulia vyungu. Vika ndiye aliyebaki na yale maneno. Akamwomba mchungaji ukumbi wa kanisa, akaanza kuwafundisha vijana. Mwanzo walikuja kwa ajili ya biskuti. Baadaye walikuja kwa ajili ya kesi, kwa sababu Vika alikuwa akiwatungia kesi, na kesi zake zilikuwa tamu kuliko biskuti zake, ambazo kusema kweli zilimng'oa kijana mmoja jino.

Kesi iliyovuma ni ya nguruwe Kapiteni, aliyeshtakiwa kufukua viazi vya mjane. Walimleta mshtakiwa mwenyewe, wakamfunga kizimbani, na alipoulizwa kama ana hatia alijisaidia, karani akaandika kwamba amekana. Wasichana walimwachia huru. Wavulana walimtia hatiani, kwa sababu waliambiwa akipatikana na hatia ataliwa.

Ndiyo, wasichana mbali na wavulana mbali. Wasichana siku ya Jumanne, wavulana Alhamisi. Hakuna aliyeuliza kwa nini, kama vile hakuna anayeuliza kwa nini mlango una kizingiti. Kwetu kaka na dada wakishakua hawalali chini ya paa moja, hawatazami filamu moja, na neno lolote la mwili halitamkwi mahali walipo wote wawili. Na kaka si wa tumbo moja tu. Mtoto wa mama mdogo ni kaka, mjukuu wa ndugu yake bibi ni kaka, na Fangalahi ukirusha jiwe halikosi kumwangukia kaka ya mtu. Ukiwakusanya vijana wote ukumbi mmoja, nusu watakaa wamegeukia ukuta. Kwa hiyo Vika aliwagawa, na akaona amepanga vizuri.

Alichowafundisha hakikuwa kingi. Alisema juri ni chumba, na chumba kile hakina mkubwa. Ukiingia umeacha nje mchungaji, umeacha nje chifu, umeacha nje mjomba. Midomo saba, yote kipimo kimoja. Ukijua jambo, sema. Ukinyamaza umemwachia mwingine akuamulie, na wewe ndiye utakayelala nalo. Na yaliyosemwa chumbani mle yanabaki mle. Wasichana waliyakariri maneno haya mpaka wakawa wanayasema wakiteka maji. Alikuwapo mmoja anaitwa Sisilia, ulimi wake ungeweza kumenya nazi, ambaye akisikia watu wanabishana dukani huingia katikati na kusema, "Midomo saba, jamani, kipimo kimoja," kisha anaanza kuhesabu kura kuhusu bei ya samaki wa kopo.

Jumanne moja aliingia Lose na mtoto mgongoni. Lose alikuwa mwanamke kijana, mume wake yuko Australia kwenye mashamba ya matunda, mtoto wake ananyonya. Habari yake ilikuwa imeshazunguka kijiji. Alikuwa amepewa lifti na Kaveinga, mwenye lori, akirudi na mizigo yake ya majani ya mkadi ya kusukia, na kwenye njia ya mashambani Kaveinga alisimamisha lori akamfanyia ubaya kwa nguvu. Kaveinga ndiye aliyeongoza kwaya. Ndugu zake walikuwa wameshakuja nyumbani kwa wakwe wa Lose na mikeka na nguruwe wa kuchoma, wakakaa chini nje ya mlango wameinamisha vichwa, kama inavyofanywa mtu akitaka kusamehewa, na mama mkwe alikuwa ameshaanza kumtazama yule nguruwe kwa jicho jema.

Lose alisimama pale nyuma akamwuliza Vika kama hao watu saba watamsikia mtu kama yeye.

"Watakusikia," Vika akasema. "Hiyo ndiyo kazi yao."

Lose akarudi nyumbani akakataa mikeka. Mama mkwe wake hakusema naye tena. Nguruwe alirudishwa ameshapoa. Kesi ikaenda mbele, na mwisho ikafika zamu ya mahakama kuu kuketi Neiafu.

Na Vika akaitwa juri.

Alifurahi, tusimfiche. Alipiga pasi vazi lake jeusi mpaka likang'aa kama gamba la mende, akajifunga kiunoni mkeka wake mzuri wa heshima, akawaambia vijana wake waje wote wakae kwenye viti vya watazamaji, wasichana upande huu na wavulana upande ule, waone kazi inavyofanywa. Walikuja wamejazana kwenye lori la kanisa. Sisilia alileta na mto wa kukalia.

Karani alichomoa majina kisandukuni moja moja. Likatoka la Vika, akapanda. Likatoka la Uaisele, mzee wa gatini mwenye sauti ya kuita nguruwe walioko kisiwa cha pili. Likatoka la msichana mmoja muuza duka wa Neiafu, na wanaume wengine. Jina la mwisho lilikuwa la Hemaloto.

Hemaloto ni mtoto wa mama mdogo wake Vika. Walikulia kiwanja kimoja, wakala chungu kimoja mpaka alipoanza kuota ndevu, na tangu hapo hawajawahi kukaa chumba kimoja zaidi ya muda wa kupokezana salamu. Akiwa na ujumbe wa dada yake anautuma kwa mke wake, Eseta. Na heshima anayompa ni ya kweli: viazi vyake vya kwanza kila mwaka huenda kwa Vika kabla havijaonwa na mtu. Majina yao ya ukoo ni tofauti, kwa hiyo karani hakustuka. Hemaloto alipopanda na kumwona dada yake pale, miguu yake ilisimama. Alikaa mwisho kabisa wa safu, nusu ya mwili nje ya kiti.

Jaji alikuwa mzungu kutoka ng'ambo, mpole, mwenye miwani. Aliuliza kupitia mkalimani kama yupo kati yao aliye ndugu wa mshtakiwa. Hayupo. Ndugu wa mlalamikaji? Hayupo. Yeyote mwenye sababu ya kumzuia kukaa? Mkalimani, mtu wa kwetu, alilitafsiri swali lile huku macho yake yakienda kwa Vika, yakaenda kwa Hemaloto, yakarudi. Alijua. Angeweza kumgeukia jaji akasema neno moja tu. Lakini jaji hakuwa ameuliza kama watu wa juri ni ndugu wao kwa wao, na mkalimani analipwa kutafsiri.

Vika alijua anatakiwa kusimama. Magoti yalishaanza kunyooka. Kisha akatazama viti vya watazamaji, akawaona vijana wake wote wamemkodolea macho, na Sisilia juu ya mto wake, na akamsikia mtu masikioni akiimba Makalio Safi. Akisimama sasa kuomba aachwe, watasema hata mwalimu mwenyewe anatoroka. Watasema ukoo ule ndivyo ulivyo. Akakaa vizuri. Akainua kidevu.

Kesi ilisikilizwa. Kaveinga, ndani ya koti la kwaya, alisema Lose alikuwa naye kwa hiari yake, na kwamba aliogopa wakwe ndipo akabadilisha maneno. Nesi alisema alikuta michubuko mikononi. Wakili wa Kaveinga akauliza kama anayebeba mizigo ya mkadi hawezi kuchubuka. Nesi akasema anaweza.

Kisha wakaitoa nguo ya ndani ya Lose, iliyokuwa na damu, wakaiweka mezani mbele ya watu. Kaka zake Lose wawili, waliokuwa wamekuja kumsindikiza, walisimama pale pale wakatoka nje. Upande wa wavulana vichwa viliinama vyote pamoja. Wakili akasema taratibu, kama mtu anayeona aibu kwa niaba ya wengine, kwamba damu ile ni ile ya kila mwezi ya akina mama, na haithibitishi kitu. Akamwuliza Lose kama sivyo.

Lose alifungua mdomo. Pale mbele palikuwa na baba mkwe wake, palikuwa na mchungaji, palikuwa na wajomba. Mdomo ukajifunga. Wakili akangoja, akangoja tena, kisha akamwambia jaji hana swali lingine. Na yule kijana mwendesha mashtaka kutoka mji mkuu, aliyevaa tai iliyokuwa ndefu kuliko uzoefu wake, hakuinuka kumsaidia.

Vika alikuwa ameketi na jibu kifuani kama kaa la moto. Kwenye nyumba ya kusukia mikeka wanawake hawafichani. Siku chache kabla ya ubaya ule Lose alikuwa amewaambia kwamba tangu ajifungue hajaona siku zake, na wanawake wakamcheka, wakasema basi ni bahati njema mume yuko Australia, angekuwapo angeshapanda mbegu nyingine. Lakini hata kama Vika hangekuwa na habari ya nyumba ya kusukia, mambo yalikuwa wazi. Mara ngapi mahakama ilisimama Lose atoke kumnyonyesha mtoto? Watu wote saba walimwona akitoka, walimwona akirudi kifua kimelowa. Mwanamke yeyote aliyewahi kulea angeuliza: huyu anayenyonyesha namna hii, damu ya kila mwezi kaitoa wapi? Kulikuwa na neno moja tu la kusema, ili wanaume watano waanze kufikiri.

Jaji aliwaambia wakaamue, na askari akawafungia chumbani.

Kilikuwa chumba kidogo chenye meza, dirisha, na sahani ya mikate. Hemaloto alizunguka meza mara mbili akitafuta kiti kisichomwelekea dada yake, na meza ile ilikuwa ya duara. Mwisho akaenda kugonga mlango. Askari akafungua, akasikiliza, akasema hakuna mtu wa juri anayeruhusiwa kutoka peke yake, akamsukuma ndani kwa adabu. Hemaloto akavuta kiti hadi pembeni, akakaa ameelekea ukuta, mgongo kwao. Alikuwa mtu mpana. Chumba kizima kiliuona mgongo ule. Hata mikate iliuona.

Uaisele ndiye waliyemchagua awaongoze. Alipunguza sauti yake kadiri alivyoweza, ikawa inasikika ng'ambo ya barabara tu. Alisema wote wamesikia. Alisema jambo lenyewe limesimama kwenye lile, akaishiwa neno, akaonyesha kwa kidevu upande wa mahakama, kwenye kile kilichowekwa mezani kule mbele. Mwanamume mmoja akasema wakili ameshaeleza. Mwingine akasema, basi ikiwa ni mambo ya kawaida ya akina mama, kesi imebaki na mkono uliochubuka. Hakuna aliyeyasema haya kwa furaha. Waliyasema wakitazama vidole vyao.

"Ila hayo sisi hatuyajui," Uaisele akasema. "Humu tuna akina mama wawili. Mama Vika, wewe unaonaje?"

Muuza duka alikuwa akitazama miguu yake, na ilikuwa wazi kwamba hataiacha. Mgongo wa Hemaloto ulikakamaa. Alijiinamia, akaweka mikono juu ya masikio, na Vika akajua kwamba anafanya anachoweza. Kaka yake alikuwa anampa nafasi. Lakini mikono ile si ukuta. Angesikia. Angesikia dada yake akitamka nguo ya ndani, na maziwa, na damu, mbele ya wanaume watano, na baada ya hapo asingeweza kumletea viazi, wasingeweza kusimama pamoja siku ya kumzika mama yake, wangeishi wakikwepana njiani mpaka mmoja afe. Vika alipanga neno. Alipanga lingine lililo safi zaidi. Alitafuta njia ya kusema mtoto ananyonya bila kusema kifua, na ya kusema kifua bila kusema mwanamke. Palikuwa na karatasi na kalamu mezani, na wazo la kuandika lilimjia kesho yake asubuhi.

Tena alijikumbusha kwamba mtu wa juri haruhusiwi kuleta habari za nyumba ya kusukia, anaamua kwa yaliyosemwa mahakamani. Hilo lilikuwa kweli. Alilikamata kama mtu anayezama anavyokamata ubao.

"Sina zaidi," akasema. "Nakwenda na wenzangu."

Uaisele akamwuliza muuza duka, naye akatikisa kichwa kwamba na yeye hana zaidi. Akauliza wanaume. Akamwuliza Hemaloto mwisho, na mgongo ukasema, bila kugeuka, kwamba na yeye anakwenda na wenzake.

Jioni haikuwa imefika. Mikate ilibaki.

Kaveinga aliachiwa huru, na kwaya yake ilikuwa nje imeshapanga sauti. Waliimba hapo hapo barabarani. Vijana wa Vika walipanda lori lao bila kumngoja, akarudi na lori la kuni.

Siku ya pili yake mama mkwe wa Lose alichukua mkeka mpana, akachukua nguruwe, akamchukua Lose. Kwa kuwa mahakama imesema Kaveinga hana kosa, basi kosa lina mwenyewe. Walikaa chini nje ya mlango wa Kaveinga, Lose amefunikwa mkeka kichwani, mtoto analia chini ya mkeka, mpaka mama yake Kaveinga alipotoka akaufunua na kusema wamesamehe. Mwenye kuombwa ana haki ya kuchelewa kutoka, na huyu alichelewa. Alioga kwanza, alisuka nywele. Vika aliona yote akiwa kwenye ua wake. Alikuwa na ufagio mkononi na alifagia mahali pamoja mpaka pakawa shimo.

Jumapili baada ya ibada Eseta alimvuta pembeni ya kanisa. Eseta, mke wa Hemaloto, ni mwanamke anayependa kuongea, lakini siku hiyo maneno yalimtoka kwa shida, kwa sababu hayakuwa yake.

"Mume wangu hali," akasema. "Nikimwekea chakula anakigeuza geuza. Usiku wa jana ndipo akaniambia nikuletee. Kasema nikwambie alijua."

"Alijua nini?"

"Kuhusu Lose. Wifi, mimi nimemzalia sita, wote nimewanyonyesha. Unafikiri hajui mwanamke anayenyonyesha anakuwaje? Kasema alitaka kusema tangu walipofunga mlango. Ndiyo sababu aligonga atoke, akamwambie askari ampelekee jaji neno. Akarudishwa. Basi akasema nafsini mwake, dada yumo, dada atasema, mimi nizibe masikio tu. Uliposema huna zaidi, akafikiri labda yeye ndiye amekosea. Na hata kama hakukosea, angesemaje, na wewe umekaa hapo?"

Vika alicheka. Kicheko kilimtoka kama kikohozi, kikaja kingine, akashika ukuta wa kanisa, na watu waliokuwa wakisalimiana uani waligeuka. Eseta alidhani amerukwa na akili. Ndani, Kaveinga alikuwa bado anakusanya vitabu vya kwaya.

Jumatatu akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia vijana kwamba wiki hii hakuna Jumanne wala Alhamisi, wanakuja wote siku ya Jumatano, wasichana na wavulana, ukumbi mmoja, kesi moja. Alitaka wazoee. Alitaka angalau mara moja wakae meza moja na kaka zao wakitafuta maneno, wajue maneno yanapatikana au hayapatikani, kabla hayajahitajika. Kina mama walimsikiliza kwa heshima na kufunga milango. Mchungaji alimjia mwenyewe, akamwambia kwa upole kwamba ukumbi Jumatano una mbao za kurekebisha. Walikuwa hawajarekebisha ubao pale tangu kimbunga cha enzi za babu yake.

Jumatano ile alikwenda akakaa kizingitini na sahani ya biskuti. Alikuja Sisilia peke yake.

Hakukaa. Aliuliza akiwa amesimama, na hakukuwa na mzaha hata kidogo kwenye ulimi ule.

"Mwalimu, mle chumbani ulisema nini?"

Vika akamkumbusha kwamba ya chumba kile hayatoki nje. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha.

"Najua ulitufundisha," Sisilia akasema. "Nilitaka tu kuona kama utaitumia siri hiyo kujikinga."

Akaondoka. Mwaka huo alipanda meli kwenda kwa shangazi yake Auckland, na habari zake njema hufika kwa wengine.

Vika aliziacha biskuti hapo hapo kwa nguruwe, akaenda moja kwa moja mpaka kwa wakwe wa Lose. Njiani hakuwa na la kupanga. Siri ya juri ilikuwa sheria, na angeweza kutozwa faini, na aliikanyaga hiyo sheria kila hatua. Lose alikuwa jikoni kwa nyuma, anapasua majani ya mkadi kwa ukucha, mtoto amelala pajani mdomo bado umeshika titi. Mama mkwe alikuwa shambani. Hakuna kaka ya mtu yeyote aliyekuwa karibu.

Vika aliyasema yote. Aliyasema maneno yote aliyoshindwa kuyatamka, nguo, na damu, na maziwa, na yalitoka mepesi kama watu wanaotoka kanisani. Alisema walikuwa wawili waliojua. Alisema ni yeye na Hemaloto, na kwamba kila mmoja alinyamaza kwa kumheshimu mwenzake.

Lose aliendelea kupasua jani mpaka mwisho wake. Aliliweka juu ya mengine, akayanyoosha.

"Mliheshimiana," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi, aliyeniheshimu nani?"

Vika alikuwa amepiga magoti bila kujua amepiga saa ngapi. Alikuwa hana mkeka wa kujifunika, alikuwa hana nguruwe. Alibaki pale sakafuni kichwa chini, akingoja afukuzwe au aambiwe ainuke. Lose alimhamisha mtoto upande wa pili, akachukua jani jingine, akaendelea na kazi. Hakumwambia neno, si la kumfukuza wala la kumwinua, mpaka mama mkwe alipoonekana anarudi na magimbi yake, akaona mtu amepiga magoti jikoni kwake, akauliza huyu naye ametukosea nini.